Nani Anayesema? Sauti ya Mnyonge katika Filamu za Hali Halisi za Afrika Mashariki

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuiachia filamu iwe mali ya wataalamu wa mawasiliano. Mazoea hayo yana hasara, hususan kuhusu filamu za hali halisi zinazoshughulikia haki za kijamii, kwa sababu maswali makuu yanayozuka humo ni yale yale anayokabiliana nayo mhakiki wa riwaya: nani anasimulia, kwa lugha ipi, na mhusika amepewa nafasi gani ya kujieleza. Makala haya yanazichunguza filamu mbili kwa kirefu, These Hands (1992) ya Mtanzania Flora M'mbugu-Schelling na Darwin's Nightmare (2004) ya Hubert Sauper kutoka Austria, kisha yanaigusia ya tatu, The Letter (2019) ya Maia Lekow na Chris King.

Kabla ya hapo, yafaa ikumbukwe kwamba sauti ya msimulizi asiyeonekana ina historia yake katika eneo hili. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment ulikuwa na makao yake Vugiri, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika. Filamu zake zilihusu safura, mmomonyoko wa udongo, akiba ya posta na mada nyingine za namna hiyo, na maelezo yake yalirekodiwa kwenye sahani za santuri katika lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mwafrika alionekana akilima, akiugua na kupona. Aliyesema ni mwingine. Hivi basi, si kweli kwamba filamu huwa ya umma papo hapo inapotumia lugha ya umma. Kiswahili cha Vugiri kilikuwa Kiswahili cha kuagiza.

M'mbugu-Schelling alimwondoa msimulizi huyo kabisa. These Hands, yenye urefu wa dakika 45, imepigwa katika machimbo ya Kunduchi, nje ya jiji la Dar es Salaam, ambako wanawake, wengi wao wakimbizi wa vita vya Msumbiji, huponda mawe kwa nyundo hadi yawe kokoto. Hamna mahojiano wala mtaalamu anayeelezea sera za uchumi. Kuna mkono, nyundo, jiwe, na mlio unaorudiwa hadi mtazamaji anaanza kuusikia kama mdundo. Maelezo machache yameandikwa mwishoni tu, baada ya macho kufanya kazi yake. Watoto wanacheza na kulala palepale mama zao wanapoponda. Wanawake wanaimba, na ghafla mahali pa kazi panageuka kuwa uwanja wa fasihi simulizi.

Nyimbo hizo ndizo kiini cha filamu. Mhakiki aliyezoea kuainisha nyimbo za kazi darasani, kama vile wawe na nyimbo za kutwanga, atatambua hapa jambo ambalo uainishaji wenyewe huelekea kulificha: wimbo wa kazi haupunguzi uchovu tu, bali pia huwapa wafanyakazi mamlaka juu ya mwendo wa kazi yao. Kipimo cha kokoto hupangwa na mnunuzi. Mwendo wa nyundo hupangwa na waimbaji. M'mbugu-Schelling anaipa mwendo huo nafasi ya msimulizi.

Hata hivyo, ukimya wa filamu hii una gharama. Mtazamaji hapati kujua mwanamke fulani alitoka kijiji gani, alimwacha nani huko, wala anamdai nani. Riwaya ya Adam Shafi, Kuli (1979), inaweza kuingia katika fikra za Rashidi na kuonyesha jinsi mchukuzi wa bandarini Unguja anavyoanza kuielewa hali yake hadi kufikia mgomo wa mwaka 1948. Kamera haina mlango huo, na mwelekezi amekataa ule mlango mwingine, yaani kuuliza. Matokeo yake ni kwamba wanawake wa Kunduchi wanapata heshima lakini hawapati historia. Yamkini huo ulikuwa uamuzi wa makusudi, kwani mkimbizi huulizwa maswali na kila afisa anayekutana naye, na kutomhoji kunaweza kuwa ukarimu wa aina yake. Lakini uamuzi wa makusudi nao huhakikiwa.

Filamu ya Sauper nayo haina sauti ya msimulizi, ila mkabala wake ni kinyume kabisa. Mada yake ni sangara, samaki aliyepandikizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960, ambaye minofu yake husafirishwa Ulaya kwa ndege kubwa za mizigo kutoka Mwanza huku mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakibakia kuwa kitoweo cha maskini. Swali linalorudiwa ni ndege hizo huja na nini zinapokuja kuchukua samaki. Jibu linalodokezwa ni silaha. Mtazamaji makini atagundua kwamba tamko zito zaidi kuhusu jambo hili, linalokuja karibu na mwisho, linatoka kwa rubani anayesimulia safari ya kupeleka zana za vita Angola na kurudi na zabibu kutoka Johannesburg. Safari hiyo haikuhusu Mwanza. Ni uhariri uliozipanga picha za ndege, mifupa ya samaki na watoto wa mitaani kwa namna ambayo tamko la Angola linasomeka kama hukumu juu ya Mwanza. Katika ushairi hiyo ni haki ya msanii. Katika filamu inayodai kuonyesha yaliyopo, sitiari imefanywa ishike nafasi ya ushahidi.

Kasoro kubwa zaidi, ambayo wapinzani wa filamu hawakuijadili vya kutosha, ni ya lugha. Mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu anahojiwa kwa Kiingereza. Anatafuta maneno, anatumia machache aliyo nayo, na anapoeleza kwamba vita vingeleta ajira, usemi wake unasikika wa kutisha na wa kitoto kwa wakati mmoja. Mtu yuyo huyo angejieleza kwa Kiswahili, angekuwa na kejeli, tahadhari na mizaha ya mtu mzima. Alichonyimwa hapa ni fani ya usemi wake, na bila fani maudhui yake yamegeuka kuwa kitu kingine. Linganisha na mwanamke anayeiimba Tanzania mbele ya marubani, ambaye filamu inatuarifu baadaye kwamba aliuawa na mteja. Katika wimbo ule yeye si mfano wa umaskini; ni mwimbaji.

Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani filamu hiyo hadharani, na maandamano ya kuipinga yakafanyika Mwanza. Hoja kuu ilikuwa kwamba nchi imeaibishwa. Hoja hiyo ni dhaifu. Wanaokula mapanki na watoto wanaoyeyusha plastiki ili wavute moshi wake hawakubuniwa na Sauper, na aibu ya taifa haiwezi kuwa kipimo cha ubora wa sanaa. Jambo la kusikitisha ni kwamba ubishi kati ya dola na mwelekezi uliendeshwa juu ya vichwa vya wahusika wenyewe, ambao kwa mara ya pili walisemewa.

The Letter inapita njia ya tatu. Kijana Karisa anarudi kwao katika Pwani ya Kenya baada ya kupata habari mtandaoni kwamba nyanya yake anaitwa mchawi, na polepole mvutano wa mashamba unajitokeza nyuma ya tuhuma hiyo. Jamaa wanabishana kwa Kigiriama na Kiswahili. Tuhuma inapitishwa kwa mafumbo, heshima inatumika kama ngao, na asiyetaka kusema waziwazi anazungumzia jambo jingine. Haya yote ni mbinu za lugha ambazo mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi anaweza kuzichambua, na filamu haikulazimika kumleta mtaalamu wa kuzieleza. Tafsiri ya Kiingereza iliyoandikwa chini ya picha, kwa kulazimika kuwa fupi, inayapa mafumbo hayo uwazi ambao wasemaji wenyewe walikuwa wakiuepuka. Mtazamaji wa Ulaya na yule wa Kaloleni wanaketi mbele ya filamu mbili tofauti, na ya pili ndiyo iliyo tajiri zaidi.