Kazi ya Profesa Schmidt na Neno la Wazee

Profesa Peter Schmidt wa Marekani, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa mafunzo ya akiolojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1985, ametuachia fundisho linalowahusu wanalugha sawasawa na wachimbaji: kwamba neno la wazee ni ushahidi, nalo lastahili kupimwa kwa jembe.

Mfano wake mashuhuri ni Katuruka, karibu na Bukoba. Palikuwapo hapo mti ulioitwa Kaiija, jina lifasiriwalo kuwa mahali pa kufulia chuma. Wazee wa Kihaya walisimulia kwamba mfalme Rugomora Mahe, wa karne ya 17, aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufikao mbinguni. Schmidt alisikiliza, kisha akachimba. Akakuta mabaki ya ufuaji wa chuma, na makaa yake yakapimwa kuwa ya yapata miaka 500 kabla ya Kristo. Habari hizo alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1978.

Hapa yatupasa kutenga mambo mawili. Uhunzi umethibitika, mnara wa mfalme haukuthibitika, maana kati yake na makaa yale ipo miaka zaidi ya 2,000. Tena wako wataalamu walioonya kwamba kuni za mti mkongwe huweza kuyazidishia makaa umri. Lakini hoja haianguki: jina la mahali lilihifadhi habari isiyohifadhiwa na maandiko yoyote.

Katika kitabu cha mwaka 2017 aonyesha jinsi wanakijiji wenyewe walivyoshika kazi ya kukusanya masimulizi na kuhifadhi mahali pao, baada ya UKIMWI kuwachukua wengi waliokuwa wakiyajua. Huo ndio urithi wake ulio bora. Upungufu wake ni kwamba vitabu hivyo vikuu vimeandikwa kwa Kiingereza. Aliyetoa neno hakurudishiwa kwa lugha aisomayo.

Nasi tulio Dar es Salaam tusijione mbali. Makaburi ya kale ya Kunduchi na Msasani yamezungukwa na mji unaokua, na wavuvi wazee wanaojua majina ya mahali pale wanapungua. Jiwe laweza kungoja mchimbaji, jina halingoji. Basi kazi ya kuyaandika majina hayo, na kwa Kiswahili, ni yetu.