Jina, Kivuli na Sheria katika A Wizard of Earthsea

Riwaya za fantasia ziandikwazo kwa ajili ya vijana aghalabu hupimwa kwa wingi wa maajabu yake. Kipimo hicho hakitoshi. Mwandishi wa Marekani, Ursula K. Le Guin, alipochapisha A Wizard of Earthsea mwaka wa 1968, alibuni ulimwengu wa visiwa unaotawaliwa na sheria moja ya lugha: kila kitu kina jina lake la kweli, na alijuaye jina hilo hukitawala kitu chenyewe.

Mwanaisimu atashtuka, kwani tangu Saussure tumefundishwa kuwa uhusiano wa umbo la neno na dhana yake ni wa nasibu. Le Guin ameligeuza fundisho hilo, tena si kwa ajili ya pambo. Ged, kijana wa kisiwa cha Gont, anasomea uganga katika chuo cha Roke. (Tunasema uganga, kwa kuwa uchawi kwetu ni madhara yatendwayo kwa siri.) Akisukumwa na kiburi, anamwita mfu, na pamoja naye kinazuka kivuli ambacho jina lake halijulikani, kwa hiyo hakitawaliki. Ged anakikimbia, kisha anageuka kukiwinda, na mwishowe anakiita kwa jina lake yeye mwenyewe. Adui hauawi, bali hutambuliwa. Dhamira ya kujitambua, basi, haikubandikwa juu ya hadithi. Imezaliwa na sheria ya ulimwengu wake.

Vilevile, Ged ana ngozi ya hudhurungi na rafikiye Vetch ni mweusi, ilhali wavamizi Wakargi ni weupe. Mwandishi ataja hayo bila mahubiri, na kwa utulivu huo anavunja mazoea ya utanzu huu.

Hata hivyo, ulimwengu huu una ufa. Chuo cha Roke hakipokei wanawake, na uganga wao hudharauliwa. Sheria ya majina haisemi lolote juu ya jinsia. Ubaguzi huu umerithiwa kutoka mapokeo ya kale bila kuhojiwa. Le Guin mwenyewe alilirudia suala hilo katika Tehanu, mwaka wa 1990.

Kwa hiyo mhakiki wa fantasia asiulize tu ni maajabu gani yaliyobuniwa. Na aulize: je, sheria iliyowekwa inamfunga shujaa? Je, inamfunga na mwandishi? Hapa shujaa alifungwa barabara. Mwandishi aliponyoka mahali pamoja.