Banzai Run: gololi inayopanda mlima

Mashine nyingi za pinboli zenye mada ya pikipiki huishia kwenye picha. Evel Knievel, iliyotolewa na Bally mwaka 1977, imempamba mrukaji maarufu wa pikipiki wa Marekani mwenye jina hilo kwenye kioo cha nyuma. Ukimwondoa, unabaki na mchezo wa kawaida wa miaka hiyo. Banzai Run, iliyotoka kwa Williams ya Chicago mwaka 1988, ni habari nyingine kabisa. Pikipiki zake ni za mashindano ya kupanda vilima vya udongo (bodaboda yako isijaribu), na msanifu wake, Pat Lawlor, aliamua kwamba gololi nayo lazima ipande.

Alifanyaje? Pale ambapo wenzake huweka kioo chenye picha, yeye aliweka uwanja wa pili wa kuchezea, umesimama wima kama ukuta, una vibao vyake vya kupigia. Mchezaji akifanya vizuri kwenye uwanja wa chini, sumaku ya umeme huinasa gololi, huipandisha mbele ya macho yake na kuiachia huko juu.

Hapo ndipo hesabu inapobadilika. Uwanja wa kawaida wa pinboli huinama kiasi cha nyuzi 6.5 tu. Gololi ya chuma, yenye uzito wa gramu 80 hivi, huvutwa kuteremka kwa takriban sehemu moja ya tisa ya uzito wake. Ukutani huvutwa na uzito wote. Mkono uliozoea kuisubiri gololi ijongee taratibu hujikuta umechelewa, na kibao nacho kinapaswa kuirusha juu bila msaada wa mteremko mpole. Kwa hiyo Lawlor aliacha mlango wa huruma: gololi ikikuponyoka ukutani, hurudi uwanja wa chini na mchezo unaendelea. Bila huruma hiyo sarafu ya mteja ingeliwa kwa sekunde chache, naye asingetia nyingine.

Zilitengenezwa 1,751 tu. The Addams Family, kazi ya Lawlor huyohuyo ya mwaka 1992, ilipita 20,000. Lakini uhaba peke yake hauuzi. Zipo mashine adimu zisizotakiwa na mtu. Kwa maoni yangu, kinachowavuta wakusanyaji hapa ni kwamba mada imeingia ndani ya mtambo wenyewe: mlima upo, na gololi inaupanda kweli. Gharama yake ni jasho. Mwenye nayo ana viwanja viwili vya kusafisha, raba za kubadilisha juu na chini, na lifti ambayo ikigoma, nusu ya mchezo haifikiki.

Ukiikuta inauzwa, usianze na rangi za sanduku. Omba iwashwe, cheza mpaka sumaku inyanyue gololi, na uitazame ikipanda mara tatu nne mfululizo. Ikiidondosha njiani, teremsha bei au nenda zako.