Kinachokaguliwa ni Mtungi au Risiti?

Januari ikifika, wenye biashara katika miji ya Mlima Kenya, kuanzia Kerugoya na Karatina hadi Nyeri, Nanyuki na Meru, huwa na karatasi kadhaa za kufuatilia kwa mpigo. Kuna leseni ya kaunti, kuna vyeti vya afya kwa wauza chakula, na kuna cheti cha usalama wa moto, nacho hakikosi ada yake. Dukani, ushahidi wa cheti hicho ni mtungi mwekundu uliotundikwa ukutani, shingoni umefungwa kikaratasi chenye tarehe ya huduma. Ukaguzi wa haraka huishia hapo: tarehe haijapita, mshale wa geji uko kwenye kijani, basi. Hoja yangu ni kwamba ukaguzi wa namna hiyo unathibitisha kuwa mtungi upo na umelipiwa, lakini hauwezi kusema kama utazima chochote. Sheria haijapungua, na kuongeza ada hakutasaidia. Kinachohitaji kubadilika ni kile tunachokubali kukiita ukaguzi.

Tuanze na sheria, maana wengi hudhani imenyamaza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mahali pa kazi pawe na vifaa vya kuzimia moto vya kutosha na vinavyofaa, vifikike kwa urahisi, na saa zote za kazi awepo mtu aliyefundishwa kuvitumia. Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto, zilizotangazwa mwaka huohuo, zinadai ukaguzi wa kina kila miezi 12, ufanywe na mtaalamu aliyeidhinishwa. Hayo yote yako chini ya Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, ambayo ni ya serikali ya kitaifa. Kisha ikaja Katiba ya 2010, na Jedwali lake la Nne likakabidhi kaunti huduma za kuzima moto. Mwenye duka akajikuta na wakubwa wawili. Kaunti ndiyo iliyo karibu, ndiyo inayomjua kwa leseni, na kwa kawaida inachomwulizia ni cheti. Yale maneno mazito ya sheria, “vinavyofaa” na “aliyefundishwa”, hayana mwenyewe, kwa sababu hakuna hata moja linaloonekana kwenye kikaratasi cha shingoni.

Sasa tuuangalie mtungi wenyewe. Aina iliyozoeleka madukani ni ya poda inayosukumwa na nitrojeni iliyoshindiliwa humohumo ndani. Geji inapima msukumo wa gesi tu. Poda iliyokaa muda mrefu bila kuguswa hushikana chini, hasa ikiwa unyevu uliingia wakati wa kujaza, na hapo mshale unaweza kubaki kwenye kijani huku gesi ikitoka peke yake na poda ikisalia kama tofali. Mpira wa kutolea unaweza kuzibwa na kiota cha nyigu, na geji haitajua. Halafu kuna kosa linalofanywa kwa nia njema: mtu anabonyeza kishikio kidogo “kuona kama inafanya kazi”, poda inanasa kwenye vali, vali haifungi tena sawasawa, na gesi inavuja taratibu hadi iishe. Mtungi wa poda uliobonyezwa hata mara moja unapaswa kurudi kujazwa. Ule wa kaboni dayoksaidi, unaopatikana karibu na kompyuta na mashine za uchapishaji, kwa kawaida hauna geji kabisa. Njia ya kuujua ni mizani: uzito wake ukiwa mzima huwa umeandikwa, na gesi ikipungua kwa zaidi ya asilimia 10 unahitaji kujazwa upya. Kwa hiyo mtu anayedai kuukagua mtungi huo bila mizani amekagua rangi.

Neno “vinavyofaa” nalo lina uzito wake. Hoteli ya chipsi na karai ya mafuta yanayochemka inaweza kupewa cheti kwa mtungi wa poda, kwa kuwa mtungi upo. Poda hukata mwali, lakini haipozi mafuta, na mafuta yaliyopita kiwango chao cha kuwaka hulipuka tena poda ikitua. Jiko kama hilo linahitaji mtungi wa kemikali ya maji, ule wenye utepe wa njano kwa utaratibu wa Uingereza tuliourithi, au angalau blanketi la moto mahali ambapo mpishi atalifikia bila kupita juu ya karai. Mkaguzi anayeuliza tu “mtungi uko wapi?” hatalijua hilo. Anayeuliza “hapa kitaungua nini?” atalijua mara moja.

Pingamizi la kwanza ni la haki. Moto unaoteketeza mabanda ya mbao za saiprasi yaliyoegemeana chini ya mabati hauzimwi na mtungi wa kilo 9 ambao poda yake haimalizi nusu dakika. Kweli. Lakini moto wa soko haukuzaliwa mkubwa. Ulianza kwenye soketi moja au jiko moja, na gari la zima moto likitoka Nyeri mjini kwenda Karatina lina zaidi ya kilomita 20 mbele yake. Dakika mbili za mwanzo ni za waliopo. Pingamizi la pili ni la mama muuza mitumba: faida yake ni ndogo, na mtungi ni mzigo. Nakubaliana naye kwamba kumdai kila mwenye kibanda mtungi wake ni njia ya kupata mitungi mingi mibovu. Safu ya mabanda kumi inaweza kutunza mitungi miwili mizima ya pamoja, kwa jina la kamati ya soko, na cheti kikatolewa kwa safu.

Watasema pia kwamba kaunti haina maafisa wa kutosha kupima mitungi mji mzima. Hesabu hiyo inakuwa ngumu kwa sababu kazi yote imerundikwa kwenye miezi ya mwanzo wa mwaka, leseni zinapofuatiliwa pamoja. Tarehe za vyeti zikitawanywa mwezi kwa mwezi, maafisa walewale watapata muda wa kubeba mizani. Tena mengi hayahitaji afisa. Kuangalia pini, kifungo chake cha plastiki, mpira na geji kila mwezi ni kazi ya mwenye duka, na haimchukui dakika tano. Afisa anabaki na sampuli: achague mtungi mmoja kati ya kadhaa, aupime, na mara mojamoja aagize ufunguliwe.

Ugumu halisi uko kwa fundi. Anayejaza mtungi mara nyingi ndiye anayeuza mitungi na ndiye anayefunga kile kikaratasi, na mteja hana namna ya kujua kama ulifunguliwa au ulipanguswa vumbi tu. Marekani hutumia pete inayovishwa shingoni, na haiwezi kuvikwa bila vali kutolewa. Kitu kidogo hicho, cha bei ndogo, kinasema zaidi ya sahihi. Sioni sababu kaunti zisikidai.

Kuna atakayesema matokeo ya karatasi bila ukaguzi yanatiwa chumvi. Usiku wa Septemba 5, 2024, moto uliwaka katika bweni la Hillside Endarasha Academy, Kieni, na wavulana 21 wakafariki. Shule si duka, na sidai kwamba mtungi ungewaokoa. Lakini Mwongozo wa Viwango vya Usalama Shuleni ulikuwepo tangu 2008, wenye maelezo ya milango, madirisha, nafasi kati ya vitanda na vifaa vya kuzimia moto vinavyofanya kazi. Baada ya vifo ndipo shule zilikaguliwa kweli, na kufikia Novemba Wizara ya Elimu ikazifunga sehemu za bweni za shule za msingi 348. Ukaguzi huo ulikuwa unawezekana miaka yote hiyo, kwa mwongozo uleule.

Miji yetu imebakiza mahali pamoja ambapo hata ukaguzi mzuri hautafika kwa utaratibu wa sasa. Majengo ya ghorofa ya Nyeri mjini yana wapangaji wengi: kinyozi, wakili, duka la simu, chuo cha kompyuta. Kila mmoja ana leseni yake na mtungi wake nyuma ya mlango anaoufunga jioni. Ngazi na korido, ambako wote watakimbilia, hazina leseni, na mtungi wa hapo ukiibiwa hakuna anayeulizwa. Jina la mwenye jengo kaunti inalo tayari, kwenye daftari la kodi ya viwanja, na bili yake hutumwa kila mwaka.