Montmartre, Kilima cha Wachoraji

Vitabu vingi husifu Montmartre, mtaa wa Paris ulio juu ya kilima. Vyatuonyesha wachoraji na watunga mashairi wakicheka na kunywa divai, maskini lakini wenye raha. Hatukatai kwamba walicheka. Lakini masimulizi hayo yana kosa: yanaufanya umaskini kuwa pambo.

Kilima hicho kiliunganishwa na mji wa Paris mwaka 1860. Vyumba vyake vilikuwa vya bei ndogo, na ndiyo sababu wasanii walikimbilia huko. Mwaka 1904 Picasso alihamia nyumba mbovu iliyoitwa Bateau-Lavoir. Wapangaji wote waliteka maji kwenye bomba moja. Humo, mwaka 1907, alichora picha iliyogeuza njia ya uchoraji. Njaa haikumfundisha kuchora. Alijifunza kwa kazi ya kila siku.

Wengine huhukumu kwa upande wa pili. Husema: juu lipo kanisa la Moyo Mtakatifu, lililoanza kujengwa mwaka 1875, chini ipo Moulin Rouge, nyumba ya michezo iliyofunguliwa mwaka 1889. Basi watakatifu juu, wakosefu chini! Hukumu hiyo ni nyepesi mno.

Tumtazame Max Jacob, mtunga mashairi, Myahudi kwa kuzaliwa, rafiki wa Picasso. Alizoea starehe za mtaa ule, na mwenyewe hakuficha udhaifu wake. Mwaka 1909, chumbani mwake katika njia ya Ravignan, alisema amemwona Kristo ukutani. Wengi hawakumsadiki. Alingoja zaidi ya miaka 5, akabatizwa mwaka 1915. Msimamizi wake alikuwa Picasso yule yule. Mwaka 1921 alikwenda kukaa Saint-Benoît-sur-Loire, karibu na kanisa la kale la watawa, apate kusali. Hata hivyo alianguka, akainuka tena, kama sisi. Mwaka 1944 Wajerumani walimkamata kwa kuwa ni Myahudi, akafa katika kambi ya Drancy.

Anayesimulia raha za Montmartre bila kutaja kifo hiki amesimulia nusu tu. Na anayewalaani wote wa mtaa ule amesahau kwamba Bwana alibisha hodi huko huko, mlangoni pa chumba cha kupanga. Nasi tunapopita mitaa ya wapiga muziki mijini mwetu, tusifunge mlango ambao Yeye ameufungua.