Uchawi Unaokwisha Magharibi

Anayetenga mwezi mzima kwa vitabu vya watoto na riwaya za ajabu, akavisoma mfululizo bila kuchanganya na vingine, huanza kuona jambo ambalo kitabu kimoja pekee hakilionyeshi. Vinavyobaki akilini si vile vyenye maajabu mengi. Madragoni, majini, milango ya siri na fimbo za miujiza vimejaa hata katika vitabu vinavyosahaulika kabla mwezi haujaandama tena. Vinavyobaki ni vile ambavyo mtunzi aliuwekea uchawi sharti mapema, akalionyesha sharti hilo katika tukio dogo, kisha akakataa kulivunja hata pale ambapo kulivunja kungemrahisishia kazi. Wengi huliona sharti kama ukuta unaozuia ubunifu. Ninadai kinyume chake: sharti ndilo linaloizalisha hadithi, na mtu anaweza kulifuatilia likifanya kazi sura baada ya sura.

Tuanze na Edith Nesbit, Mwingereza aliyechapisha Five Children and It mwaka 1902, baada ya sura zake kutoka kwanza kwa mfululizo katika jarida la The Strand. Ndugu watano wanahamia nyumba ya shamba huko Kent, na wakichimba katika shimo la kokoto wanamfukua Psammead, kiumbe wa mchangani mwenye macho yaliyoota juu ya pembe kama ya konokono, masikio ya popo, na mwili mnene wa buibui uliofunikwa manyoya. Ana uwezo wa kuwapa watoto wanachokitaka, lakini ni takwa moja tu kwa siku, na jua likizama kila kilichopatikana kinakwisha. Angalia jinsi Nesbit anavyolipachika sharti hili. Halitangazi kama sheria ya serikali. Psammead analitaja akikumbuka zamani, akisema kwamba hapo kale watu walikuwa wakiomba wanyama wakubwa wa kula, na nyama iliyosalia jua likizama iligeuka jiwe, ndiyo maana watu hadi leo wanafukua mifupa ya mawe. Kumbukumbu ya kizee mmoja mwenye manung'uniko inampa mtoto maelezo ya visukuku, inamchekesha, na papo hapo inampa kanuni itakayoendesha kitabu kizima. Jioni hiyohiyo kanuni inauma: watoto waliotaka kuwa wazuri kupita kiasi wanaanza kuhofu kwamba wao wenyewe watageuka mawe. Kesho yake ndipo Psammead anawatuliza kwamba matakwa ya siku hizi huyeyuka tu.

Sharti hilo la magharibi linafanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Kwanza, linampa mtunzi wa mfululizo mwisho ulio tayari kwa kila sura: jua huzama bila kuombwa, na toleo la mwezi ujao linaanza upya. Pili, na hapa ndipo penye ufundi mkubwa zaidi, linabadilisha swali analojiuliza msomaji. Ni kweli kwamba mara ya kwanza anajiuliza watoto watapata nini. Lakini kuanzia mara ya pili anajiuliza watafikaje jioni salama. Wakiwa wazuri mno, yaya hawatambui na anawafungia nje, nao wanashinda na njaa. Wakijaziwa shimo zima la sarafu za dhahabu za zamani, wenye maduka wanazikataa, na mwisho wanajikuta mbele ya polisi. Tatu, sharti linaweza kugeuka. Siku wanapopata mabawa, watoto wanaruka mchana kutwa, wanashiba, wanalala usingizi juu ya mnara wa kanisa, na wanapozinduka ni usiku, mabawa hayapo, na mlango wa ngazi umefungwa. Jua lililokuwa likiwaokoa na matakwa yao mabaya sasa limewakwamisha juu kabisa. Nesbit hakuongeza uchawi mpya ili apate hatari mpya. Alichukua kanuni ileile akaiangalia upande wa pili.

Ursula Le Guin, miaka 66 baadaye, alitumia mbinu hiyo kwa uzito mwingine katika A Wizard of Earthsea, iliyotoka 1968. Uchawi wa visiwa vya Earthsea unategemea majina ya kweli: anayelijua jina la kitu ana mamlaka juu yake, na anayeyatumia mamlaka hayo hovyo anaharibu mizani ya dunia. Kanuni nzito kama hii ingeweza kumchosha mtoto kama ingeletwa kwa hotuba ya mwalimu. Le Guin anaileta kwa mbuzi. Mvulana wa kijijini kisiwani Gont anamsikia shangazi yake akimwita mbuzi aliyepanda juu ya paa kwa maneno fulani, na kesho yake anayatamka mwenyewe malishoni. Mbuzi wanakuja. Wanakuja wote, wanamzunguka, wanamsonga kwa pembe na manyoya, na yeye hajui neno la kuwaachilia. Inabidi akimbie hadi kijijini akiwa amebanwa katikati ya kundi, akipiga yowe, mpaka shangazi amfungue. Hilo ni tukio la kurasa chache na ndani yake kitabu kizima kimeshasemwa: kuita ni rahisi, kuachilia ndiko kugumu. Mvulana huyo, Ged, atakuja kuita kitu kibaya zaidi kuliko mbuzi, kivuli kisicho na jina, kwa sababu ileile ya kiburi na haraka. Njiani anamzuia dragoni wa kisiwa cha Pendor kwa sababu alilikisia jina lake kutokana na historia za kale za madragoni, na akapatia, hivyo msomaji anaiona kanuni ikishika hata mbele ya adui mkubwa. Na pambano la mwisho baharini linaamuliwa kwa kanuni hiyohiyo, kwa kutaja jina, wala si kwa radi wala upanga. Hakuna silaha ngeni inayoingizwa dakika za mwisho, na msomaji makini wa miaka kumi na mmoja angeweza kulikisia jina hilo kama angefuatilia vizuri.

Pingamizi la kwanza, na lina nguvu, ni kwamba haya ni macho ya mhakiki. Mtoto, wanasema, hasomi kanuni, anasoma maajabu. Ukimwekea masharti unamnyang'anya ndoto. Lakini watoto ndio watu wakali zaidi wa kanuni duniani. Watazame wakicheza kombolela: nusu ya mchezo ni kubishana nani ameguswa, nani amechungulia, kituo kinaanzia wapi, na anayevunja utaratibu anatolewa bila huruma. Msomaji wa umri huo anaingia kitabuni na ukali huohuo. Akiambiwa kwamba uchawi unakwisha magharibi, kisha shujaa akaokolewa na uchawi usiku wa manane bila sababu, anajua kwamba amedanganywa, hata kama hana maneno ya kulieleza. Kinachompa furaha ni kule kuwahi kuona hatari kabla ya wahusika wenyewe, na hawezi kuiona kama hana kanuni ya kupimia.

Pingamizi la pili linamtaja Lewis Carroll. Alice alitoka 1865, akasomwa kwa Kiswahili tangu tafsiri ya 1940 iliyoitwa Elisi katika Nchi ya Ajabu, na hadi leo anapendwa ingawa nchi yake inaonekana haina utaratibu wowote. Ni kweli kwamba zipo kanuni ndogondogo, kama ule uyoga ambao upande mmoja unarefusha na wa pili unafupisha, na Alice anajifunza kuutumia kwa vipimo. Lakini sitaki kumlazimisha Carroll aingie katika hoja yangu. Kitabu chake kinasimama kwa nguvu nyingine, mabishano ya mantiki na mchezo wa lugha, na gharama yake inaonekana: matukio yake mengi yangeweza kupangwa upya bila kuharibika, na mwisho wake hauna budi kuwa kuamka usingizini, kwa kuwa hakuna fundo lililofungwa la kufunguliwa. Mwenye kipaji cha Carroll anaweza kuishi bila sharti. Wengi walioiga utovu wake wa utaratibu hawakuwa na mantiki yake.

Pingamizi la tatu ndilo gumu zaidi: je, siri si uhai wa fantasia? Kanuni ikielezwa mno, uchawi si unakuwa somo la fizikia? Hapa lazima kutenganisha vitu viwili ambavyo huchanganywa mara kwa mara, yaani chanzo cha uchawi na mpaka wake. Philippa Pearce, katika Tom's Midnight Garden ya 1958, hafafanui kikamilifu kwa nini saa kubwa ya ukumbini inapiga mara kumi na tatu, wala kwa nini mlango wa nyuma, ambao mchana unafungukia uwanja mdogo wa mapipa ya takataka, usiku unafungukia bustani ya enzi ya Malkia Victoria. Lakini mipaka ya bustani anaichora kwa ukali. Mvulana Tom hupita humo bila kuonwa na karibu watu wote, lakini Hatty, msichana wa enzi hiyo, anamwona. Wakati wa bustani haufuati mstari: mti unaanguka kwa radi usiku mmoja, na usiku mwingine umesimama. Mipaka hiyo inamwezesha Pearce kufanya jambo moja ambalo kwangu ni ustadi wa juu kabisa katika fasihi ya watoto. Tom anamwomba Hatty avifiche viatu vyake Hatty vya kutelezea kwenye barafu katika maficho ya chumbani mwake kila atakapomaliza kuvitumia. Kisha Tom, katika wakati wake mwenyewe, anafunua ubao wa sakafu na kuvikuta humo, vimechakaa kwa umri. Usiku huo wote wawili wanateleza juu ya mto ulioganda kuelekea mji wa Ely, kila mmoja amevaa viatu, na jozi ni moja. Hakuna maelezo yanayoondoa ajabu hiyo. Inasisimua kwa sababu kila hatua iliyotufikisha pale imefuata mpaka uliowekwa, hivyo akili inakubali huku moyo ukishangaa.

Kwa kipimo hicho C. S. Lewis, katika kitabu chake cha kwanza cha Narnia cha 1950, yuko nusu kwa nusu. Peremende za Mchawi zimepangwa vizuri sana: msimulizi anatuambia palepale kwamba anayezionja atataka zaidi na zaidi bila kikomo, na usaliti wote wa mvulana Edmund kwa ndugu zake unatoka katika sharti hilo. Kabati la nguo, ambalo ndilo mlango wa Narnia, nalo halifunguki kila linapotakiwa, na ndiyo sababu dada yake Lucy anaonekana mwongo kwa ndugu zake. Lakini kufufuka kwa simba Aslan kunategemea kifungu cha sheria ya kale ambacho msomaji anaambiwa baada ya tukio. Wanaomtetea wanasema mshangao huo una maana ya kidini, na kwa maana hiyo wana haki. Kiufundi bado ni deni: Meza ya Jiwe alipouawa ilikuwepo tangu mapema na ingeweza kubeba dokezo.

Shaaban Robert naye aliujua utaratibu huu wa kuuwekea uchawi sharti na kulishika. Katika Adili na Nduguze, iliyotoka 1952 na yenye asili inayofanana na kisa cha Alfu Lela Ulela, msomaji anakutana kwanza na tendo la kutisha, liwali mwema Adili anayewachapa manyani wawili kila usiku, na baadaye ndipo anajua kwamba manyani hao ni ndugu zake waliogeuzwa, na kwamba kuwachapa ni amri ya jini ambaye Adili alimfanyia hisani. Nesbit alitanguliza sharti ndipo madhara. Shaaban Robert ametanguliza madhara, akaliacha sharti liwe fumbo. Mpangilio ni wa kinyume, ila uaminifu ni uleule: amri ni ya kila usiku, na Adili anaitii. Tofauti kubwa ni nani anayeumia. Watoto wa Kent wanaumizwa na matakwa yao, na sharti linawaokoa jioni. Adili anaumizwa na sharti lenyewe, kwa kuwa analitii akiwa bado anawapenda ndugu zake, na wema wake unapimwa usiku kwa usiku na mkono wake mwenyewe.