Mwisho Uliobadilishwa: Neno juu ya Kusahihisha Hadithi

Kila mtungaji wa hadithi ndefu ajua kwamba kuandika ni kazi moja, na kuyarudia yaliyoandikwa ni kazi nyingine, tena ngumu kuliko ile ya kwanza. Lakini asahihishe kwa kipimo gani? Kwa kuifuata hadithi yenyewe, au kwa kuwapendeza watu? Swali hili laonekana wazi katika kitabu cha Mwingereza Charles Dickens kiitwacho Great Expectations, yaani Matazamio Makuu.

Kitabu hiki kilitoka kidogo kidogo katika gazeti la kila juma, tangu Desemba 1860 hata Agosti 1861. Kijana Pip, aliyelelewa nyumbani kwa mhunzi, apewa mali kwa siri. Adhani yatoka kwa bibi mmoja tajiri, ili apate kumwoa Estella, binti aliyelelewa na bibi huyo. Kumbe yatoka kwa mfungwa ambaye Pip alimpa chakula zamani za utoto wake.

Hapo kwanza Dickens alimaliza hivi: miaka imepita, Pip na Estella wakutana kwa bahati katika njia ya London. Estella amekwisha kuolewa na mume wa pili. Wasemezana kidogo, waagana. Kabla mwisho huo haujatolewa, rafiki yake Edward Bulwer-Lytton, naye mtungaji, aliusoma akamsihi aubadilishe. Dickens akakubali. Katika mwisho wa pili, Estella ni mjane. Wakutana penye kiwanja cha nyumba ya yule bibi iliyobomolewa, watoka wameshikana mikono, wala Pip haoni dalili ya kuachana tena. Dickens alikufa mwaka 1870, na John Forster, aliyeandika habari za maisha yake, aliuchapisha ule mwisho wa kwanza, akauona wapatana zaidi na hadithi. Tangu hapo wasomaji wamegawanyika.

Mwisho wa pili una uzuri wake, maana wawili hawa warudi mahali walipoonana mara ya kwanza. Hata hivyo twaona Forster alisema kweli. Kitabu kizima chamfundisha Pip kwamba matazamio yake yalijengwa juu ya kosa. Mwisho wa pili wamrejeshea tazamio lililo kubwa kuliko yote. Tena sura za kwanza zilikuwa zimekwisha kufika mikononi mwa watu, wala hazikuweza kubadilishwa ili zilingane na mwisho mpya. Nguo ya kuazima haisitiri.

Je, mtungaji asimsikilize rafiki? La, amsikilize sana. Rafiki ajua kuonyesha mahali panapouma, bali dawa ni juu ya mtungaji. Yamkini mkutano wa njiani ulikuwa mfupi mno, wala haukumtosha msomaji. Dickens angaliweza kuwaleta wawili hawa penye magofu yale yale, wakasamehewana, kisha wakaagana. Hivyo angalipokea shauri la rafiki yake pasipo kuivunja hadithi yake. Basi mtungaji akishauriwa kubadilisha mwisho, kwanza auulize mwanzo kama waukubali.